TOPE LA MAJITAKA NA GESI YA OZONI
Somo kutoka Busale, Kyela, kwa watumishi na wakaazi wa visiwani

Makala haya yamekusudiwa kuwaelimisha watumishi wa Serikali na wakaazi kwa jumla juu ya jambo ambalo aghalabu huonewa haya kulizungumza, nalo ni tope linalobaki baada ya majitaka kusafishwa. Karibu kila mtu anajua kwamba majitaka yakiachwa ovyo huleta maradhi. Wanaojua ni wachache kwamba hata yakisafishwa kwa mtambo mzuri, bado kuna kitu kinachobaki, na kitu hicho hakina budi kupelekwa mahali.

Tumechukua mfano wa Busale, moja ya kata za Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Huenda msomaji akauliza: visiwa vyetu na Ziwa Nyasa wapi na wapi? Jawabu ni kwamba hali zinafanana. Kyela ni nchi ya mvua nyingi. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani, na katika bonde la chini maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi. Wananchi wengi hutumia vyoo vya shimo na visima. Mwisho wa mteremko kuna maji makubwa: kule ni ziwa, huku kwetu ni bahari. Kosa la mtu mmoja juu ya mteremko hunywewa na mwenziwe aliye chini.

1. TOPE HUTOKA WAPI?

Mkulima wa kakao wa Kyela atalifahamu somo hili upesi. Akishapasua matunda, huzivundika mbegu pamoja na utomvu wake ndani ya sanduku la mbao, akazifunika kwa majani ya mgomba. Baada ya siku mbili tatu sanduku hupata joto bila ya moto. Joto hilo huletwa na viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao hula sukari iliyomo katika utomvu na kuzaana kwa wingi.

Mtambo wa kusafisha majitaka hufanya kazi kwa viumbe wa namna hiyo. Mwaka 1914 wataalamu wawili wa Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett, walieleza njia ambayo hadi leo hutumika duniani kote. Majitaka huingizwa katika tangi na kupuliziwa hewa. Viumbe wadogo hupata oksijeni, hula uchafu ulioyeyuka majini, na hujikusanya katika mabonge madogo ya rangi ya kahawia. Kisha maji hupita katika tangi la pili lililo tulivu, mabonge yakazama chini, na maji yaliyotakata yakatoka juu.

Mabonge yale ndiyo tope. Sehemu yake hurudishwa katika tangi la kwanza ili kazi iendelee. Lakini kwa kuwa viumbe huzaana kila siku, tope huzidi, na ile ziada lazima iondolewe. Kwa kadiri ya wastani, kila kilo moja ya uchafu unaoliwa, ikipimwa kwa oksijeni inayohitajika kuuozesha, huzaa takriban nusu kilo ya tope kavu.

Tope hilo halitoki likiwa kavu. Katika kila kilo 100 za tope linalotolewa tangini, kilo 99 hivi ni maji. Kwa hivyo mwenye mtambo hujikuta anasafirisha, kukausha na kuzika kitu ambacho karibu chote ni maji. Katika nchi nyingi kazi ya tope hula hadi nusu ya gharama zote za kuendesha mtambo. Zamani baadhi ya nchi tajiri zilikuwa zikilipakia melini na kulitupa baharini. Marekani iliacha mwaka 1992, na nchi za Umoja wa Ulaya zilitakiwa ziache ifikapo mwisho wa mwaka 1998. Tangu hapo utafiti wa kulipunguza tope uliongezeka.

2. OZONI NI GESI GANI?

Wasomaji wetu wengi wamelisikia neno ozoni kwa sababu ya tabaka la ozoni, lile pazia la juu angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulikubaliwa ili kulilinda tabaka hilo, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Gesi tunayoizungumzia hapa ni hiyo hiyo, ila hutengenezwa kwa mashine hapa chini.

Oksijeni tunayoivuta ina chembe mbili zilizoshikana. Ozoni ina chembe tatu, na ile ya tatu haikushikwa imara. Hutafuta kitu cha kukivamia, na kikipatikana hukichoma bila ya ndimi za moto. Gesi hii ilitambuliwa na Christian Friedrich Schönbein, mwalimu wa kemia wa Basel, Uswisi, ambaye aliitangaza mwaka 1840. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka, kwani ina harufu kali kama ile inayosikika pengine baada ya radi kupiga karibu.

Ozoni haiwezi kuhifadhiwa katika mtungi ikapelekwa sokoni. Katika maji huharibika ndani ya dakika chache na kurudi kuwa oksijeni. Kwa sababu hiyo hutengenezwa pale pale inapotumika, kwa kupitisha hewa kavu au oksijeni baina ya bamba mbili zenye umeme wa nguvu kubwa. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia kusafisha maji ya kunywa mwaka 1906.

Ni gesi ya hatari kwa mwenye kuivuta. Huunguza koo na mapafu, na kiwango kinachokubaliwa na nchi nyingi mahali pa kazi ni sehemu moja tu katika sehemu milioni kumi za hewa.

3. JINSI OZONI INAVYOPUNGUZA TOPE

Mwaka 1994 watafiti wa Kijapani, H. Yasui na M. Shibata, walichapisha matokeo ya njia mpya. Badala ya kulitoa tope la ziada na kutafuta pa kulitupa, walichota sehemu ya tope, wakalipitishia ozoni, kisha wakalirudisha katika tangi la hewa. Mwaka 1996 yakachapishwa matokeo ya mtambo kamili uliokuwa ukifanya kazi kwa njia hiyo.

Ozoni hupasua ngozi za viumbe wadogo, na vilivyomo ndani yao vikamwagika majini. Tope lililopasuliwa likirudishwa tangini, viumbe walio hai hulila kama walavyo uchafu mwingine. Sehemu yake hugeuka hewa ya ukaa ikapanda angani, na sehemu nyingine hugeuka viumbe wapya. Watafiti hao walikadiria kwamba theluthi moja ya tope lililopitishiwa ozoni humalizika katika kila mzunguko. Kwa hivyo, ili pasibaki ziada, kiasi cha tope kinachopitishiwa ozoni kila siku kiwe kama mara tatu ya ziada ya siku hiyo. Ozoni inayohitajika ni baina ya gramu 30 na 50 kwa kila kilo ya tope kavu linalopitishwa.

Njia hii ina manufaa ya kweli. Tope hupungua sana, mabonge huzama vizuri zaidi, na magari ya kubeba tope hupungua. Katika miji ambayo ardhi ni ghali na mahali pa kuzika tope hapapatikani, jambo hilo ni kubwa.

4. HESABU YA MFANO

Ili msomaji apime mwenyewe, tuchukue mfano wa kubuni wa chuo au hospitali yenye watu 2,000 na mtambo wa tangi la hewa.

(a) Tukadirie kila mtu hutoa gramu 40 za uchafu kwa siku. Jumla ni kilo 80.
(b) Nusu yake hugeuka tope, yaani kilo 40 za tope kavu kwa siku.
(c) Kwa kuwa tope lina maji 99 katika mia, kilo hizo 40 huwa zimo ndani ya lita 4,000 za tope jepesi.
(d) Tope hilo likikamuliwa au kuanikwa mpaka likawa na sehemu 20 kavu katika mia, hubaki kama lita 200 tu. Hakuna kilichochomwa, ni maji tu yaliyoondoka.
(e) Kwa njia ya ozoni, tutapitisha mara tatu ya kilo 40, yaani kilo 120 kwa siku. Kwa gramu 40 za ozoni kila kilo, tunahitaji karibu kilo 5 za ozoni.
(f) Kutengeneza kilo moja ya ozoni hula takriban uniti 10 hadi 20 za umeme, kulingana na mashine. Basi ni uniti 50 hadi 100 kila siku, mbali na umeme wa kupuliza hewa ya ziada tangini.

Mteja wa TANESCO aliye katika daraja dogo la matumizi ya nyumbani hapaswi kuzidi uniti 75 kwa mwezi mzima. Umeme wa nyumba moja kwa mwezi utakuwa unatumiwa na mashine hii kwa siku moja hivi. Kwa upande mwingine, kitanda cha mchanga cha kuanikia tope hutumia jua na ufagio. Kasoro yake ni kwamba kinahitaji nafasi, na siku za mvua ya Kyela kinahitaji paa.

5. KISICHOONDOKA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ozoni huyachoma mabaki ya viumbe yawe gesi, lakini si kila kilichomo ndani ya tope kinaweza kuwa gesi. Mchanga na madini hubaki. Fosforasi hubaki. Naitrojeni nayo huachiwa majini, na sehemu yake hutoka pamoja na maji yaliyosafishwa. Katika njia ya kawaida virutubisho hivi huondoka vikiwa vimebebwa na tope. Tope likitoweka bila ya hatua nyingine kuongezwa, virutubisho huhamia katika maji. Uchafu uliokuwa ukionekana kwa macho huwa umegeuka uchafu usioonekana.

Kwa Ziwa Nyasa jambo hili si dogo. Ziwa hilo lina kina cha karibu meta 700. Maji yake ya kina kirefu, takriban kuanzia meta 200 na kitu kwenda chini, hayana oksijeni. Mto mmoja tu, Shire, ndio unaoyatoa maji yake upande wa kusini, na sehemu kubwa zaidi huondoka kwa kupanda kama mvuke. Mvuke haubebi fosforasi. Kinachoingia ziwani hukaa humo muda mrefu, na katika maji hayo wanaishi mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana kokote kwingine duniani.

Tuliyaona ya Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1990 magugumaji yaliziba bandari na ghuba zake, yakistawi kwa virutubisho vilivyoingia kutoka mashambani na mijini. Hakuna sababu ya kusubiri mtihani huo urudiwe kwingine.

Tena ozoni huua bakteria kwa wepesi, lakini mayai ya minyoo aina ya askarisi yana ganda gumu na hustahimili sana. Mtu asidhani kwamba tope lililopitishiwa ozoni laweza kumwagwa papo hapo katika bustani ya mboga.

6. HALI ILIVYO KYELA

Ozoni ni dawa ya mtambo wenye tangi la hewa, umeme usiokatika na fundi wa kudumu. Katika kata ya vijijini kama Busale, tope kubwa zaidi ni lile lililomo ndani ya vyoo vya shimo. Tope hilo ni zito, limechanganyika na mchanga, matambara na taka. Ozoni ikitiwa humo ingemalizikia juu juu bila ya kufika chini.

Shimo likijaa katika nchi yenye maji ya karibu, mwenye nyumba huwa na njia chache. Akichimba jingine huyakuta maji mapema. Gari la kunyonya majitaka huenda lisifike kwa sababu ya umbali au njia mbovu. Ndipo baadhi ya watu, kule Kyela na huku kwetu na katika miji mikubwa pia, hungojea mvua kubwa wakatapisha choo, yaani wakatoboa shimo ili tope lichukuliwe na maji ya mvua. Kitendo hicho hulipeleka tope moja kwa moja katika visima, mashamba ya mpunga na mito.

Matokeo yake yanajulikana. Kipindupindu kimewahi kurudi mara kwa mara katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Katika mlipuko mkubwa ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea Bara na Visiwani, zaidi ya watu 20,000 waliugua nchini na mamia wakafariki. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeokolewa na mashine ya ozoni. Wengi wangeokolewa na maji salama, choo kilichofunikwa na tope lililoondolewa kwa utaratibu.

Njia zinazofaa zaidi kwa nchi ya namna hii zinafahamika. Jiji la Mbeya hutumia mabwawa ya Kalobe, ambamo majitaka husafishwa kwa jua, upepo na muda, bila ya umeme mwingi. Dar es Salaam mabwawa ya Vingunguti yamekuwa yakipokea magari ya kunyonya majitaka kutoka mitaani. Mabwawa nayo hujaa tope, na yasipozolewa baada ya miaka kadhaa huacha kusafisha. Pahala penye mafuriko, choo huinuliwa juu ya ardhi kwa tofali au zege. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba tako la shimo liwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau meta moja na nusu, na shimo liwe mbali na kisima kwa angalau meta 30.

Tope lililoanikwa laweza kuwa mbolea, ila kwa subira. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, lilielekeza kwamba kinyesi kikihifadhiwa kikiwa kikavu katika joto la nyuzi 20 hadi 35, kikae zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutumiwa. Mkulima wa mpunga au kakao anayetaka kukitumia aihesabu misimu, asihesabu wiki.

7. MAFUNZO KWA VISIWA VYETU

Mabomba ya majitaka ya Mji Mkongwe wa Unguja yalijengwa kwa dhamira ya kumwaga baharini, na nje ya mji wakaazi wengi hutegemea makaro na vyoo vya shimo. Ardhi yetu katika sehemu nyingi ni ya mawe ya matumbawe yenye nyufa, ambayo hupitisha maji machafu haraka bila ya kuyachuja. Matumbawe yaliyo hai baharini nayo hupenda maji maangavu yenye virutubisho vichache. Naitrojeni na fosforasi zikizidi, mwani huyafunika na mazalio ya samaki hupungua.

Mahoteli na taasisi zenye mitambo yao ya tangi la hewa zinaweza kufikiwa na wauzaji wa mashine za ozoni. Mashine hizo si za uongo. Lakini mtumishi atakayetakiwa kutoa ushauri asiweke saini kabla ya kupata majibu ya masuala yafuatayo:

(i) Tope letu ni kilo ngapi kavu kwa siku, na nani amepima?
(ii) Je, tumekwisha kujaribu kulikausha kabla ya kulichoma?
(iii) Uniti za umeme ni ngapi kwa siku, na fungu la kuzilipia liko wapi?
(iv) Umeme ukikatika siku tatu, tope litakwenda wapi?
(v) Fosforasi na naitrojeni katika maji yatokayo zitapimwa na nani, na kila baada ya muda gani?
(vi) Fundi wa kuitengeneza yuko wapi, na chumba cha mashine kina king'ora cha gesi ikivuja?

Asiyejibiwa suala la nne na la tano ajue kwamba anauziwa nusu ya mtambo.

Kwa upande wa wakaazi, masheha na watendaji wa kata wana nafasi kubwa ya kuelimisha. Mwenye kutapisha choo asisitiriwe kwa sababu ya ujirani, kwani jirani wa chini naye ana haki. Wanaofanya kazi ya kuzoa tope wapewe glavu, viatu na heshima, maana wanafanya kazi ambayo wengine wameikimbia. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Tope nalo hufuata mkondo, na tusipouchagua sisi, litauchagua lenyewe.

MASUALA YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtambo unaosafisha majitaka vizuri huzaa tope kila siku?
2. Lita 4,000 za tope lenye sehemu moja kavu katika mia zikikamuliwa hadi sehemu 20 katika mia, hubaki lita ngapi?
3. Taja vitu viwili ambavyo ozoni haiviondoi katika tope.
4. Kwa nini ozoni haifai kwa tope la choo cha shimo?
5. Katika shehia au kata yako, gari la kunyonya majitaka likijaa humwaga wapi? Kama hujui, muulize sheha au mtendaji wa kata wiki hii.